Mama Kasilda na Watoto Thelathini na Wanne wa Gasorwe

Tarehe 31 Julai mwaka huu, Mama Kasilda Nibitanga atastaafu baada ya miaka ishirini na moja ya kazi katika maktaba yetu ya watoto, hapa Mushasha, Gitega. Kamati ya wafanyakazi imeniomba mimi, Elikana, mshona vitabu vilivyochanika, niandike wasifu wake, na imesisitiza uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika.

Mama Kasilda alizaliwa Muyinga, akakimbilia Tanzania na wazazi wake akiwa na miaka saba, akakulia katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Alirudi nyumbani mwaka 2004, akapewa chumba kimoja huko Gasorwe, mkoani Muyinga, kilichokuwa ghala la kahawa, pamoja na sanduku la bati lenye vitabu sitini. Hicho ndicho kikawa chumba cha kusomea, tawi la kwanza la maktaba yetu. Rafu alizipigilia mwenyewe kwa mbao za kitanda chake. Watoto wasioweza kutembea hadi pale aliwafuata milimani kwa baiskeli, na mvua ikimkuta njiani alivifunika vitabu kwa kitenge, yeye akafika ameloa.

Wazee wa Gasorwe bado wanacheka kisa cha mbuzi aliyetafuna ukurasa wa mwisho wa kitabu kimoja. Kwa miaka mitatu Mama Kasilda alikuwa akibuni mwisho wa hadithi hiyo kila anapoisoma, na kila mara alibuni tofauti. Siku moja akina baba wawili waligombana sokoni, kila mmoja akiapa kwamba mwanawe ndiye anayejua mwisho wa kweli.

Mwaka 2011 alihamishiwa Gitega kuongoza sehemu ya watoto wa chekechea. Hata hivyo, kila mwezi alirudi Gasorwe na mfuko wa vitabu.

Sasa nifike kwenye sherehe.

Kwa mwaka wake wa mwisho aliomba jambo moja tu: sherehe ya hadithi, ambapo kila mtoto atakuja maktaba amevaa kama mhusika wa hadithi anayoipenda. Wangekuja watoto ishirini wa Mushasha, na thelathini na wanne wa chekechea ya Gasorwe, ambao hawajawahi kuona nyumba yenye vitabu hadi darini. Alianza maandalizi Januari. Alichagua hadithi kumi na mbili, akazisoma huko na huku mpaka watoto wakazikariri. Fisi alimshona kwa magunia, korongo akamtengenezea manyoya ya maganda ya mahindi. Raissa, msichana wa miaka mitano wa Gasorwe, alikataa wanyama wote akasema anataka kuwa mvua. Mama Kasilda alikaa jioni nne akikata mifuko ya nailoni ya buluu kuwa nyuzi nyembamba.

Siku kumi kabla ya sherehe, mkuu wetu, Bwana Adriano, aliarifiwa kwamba wageni wakubwa watahudhuria. Akatuita ofisini. Alisema Gasorwe waondolewe kwenye orodha kwa sababu ya uhaba wa mafuta ya gari. Mama Kasilda alimkumbusha kwamba asubuhi ileile gari la maktaba lilikuwa limetumwa Bujumbura kuleta maua ya kupamba ukumbi. Hapo ndipo Bwana Adriano alipoacha kuzunguka, akasema wazi.

"Écoutez, sikiliza, Mama. Wale batoto hawana hata viatu, na bageni watapiga mafoto. Tutasema tu mafuta haiko."

Mama Kasilda aliweka kalamu mezani. Sauti yake haikupanda. "Mimi uongo huo siupeleki kwa watoto. Na orodha hiyo siisaini."

Basi mimi ndiye niliyeandika orodha mpya. Niliambiwa niandike, nikaandika, kwa mkono wangu huu unaoandika wasifu. Niliyafuta majina thelathini na manne, nikarudi kwenye gundi yangu. Ndiyo maana hasira yangu haiishii kwa Bwana Adriano peke yake.

Mama Kasilda aliomba ruhusa ya siku tatu, akapakia magunia mawili ya mavazi kwenye basi la Muyinga, na sherehe ikafanyika Gasorwe siku ileile, saa ileile. Mimi nilibaki Gitega. Wageni wetu walihutubia kwa saa moja na nusu. Watoto ishirini walikaa wamenyooka mbele ya maua ya Bujumbura, wakapigwa picha. Hakuna aliyewasomea hadithi hata moja.

Mwalimu wa chekechea ya Gasorwe, Josefina, alinisimulia ya upande wa pili. Fisi na korongo walicheza mpaka vumbi likatimka, na Raissa alinyesha juu ya kila mtu. Kisha mtoto huyo akauliza nyumba ya vitabu iko wapi. Mama Kasilda hakusingizia mafuta. Aliwaambia kwamba wakubwa walikataa wasije. Raissa akauliza kwa nini.

Aliporudi Gitega alikuta mezani barua ya onyo ya Bwana Adriano. Mimi nilimwendea kumwomba radhi.

"Mimi hujanikosea," alisema. "Uliowakosea ni wale uliowafuta."

Jumamosi ya mwisho ya Juni, lori lililokuwa likileta ndizi soko la Gitega lilisimama mbele ya maktaba. Josefina alishuka, akafuatwa na wazazi saba, na watoto thelathini na wanne wakiwa na mavazi yao ya magunia na maganda. Mlinzi alisema hawamo kwenye orodha ya siku hiyo. Mama Kasilda alitoka na ufunguo, akaufungua mlango pande zote mbili.

"Orodha hapa ni ya kuazimia vitabu," alimwambia mlinzi. "Ya kuingilia haipo."

Safari hii nilisimama upande wake. Niliwashusha watoto, nikawabebea vitabu vya rafu za juu. Bwana Adriano alifika mlangoni, akatazama sakafu iliyojaa watoto wanaosikiliza, akarudi ofisini kwake.

Basi niseme, kwa kuwa wasifu huu utasomwa mbele ya Bwana Adriano. Barua ile ya onyo bado imo kwenye faili la Mama Kasilda. Hatutaki aondoke nayo. Na watoto wa Gasorwe waandikwe wanachama, wote, kwa majina yao kamili. Fomu nimekwisha kuzijaza, zinangoja saini ya Bwana Adriano tu.

Mama Kasilda, asante kwa miaka ishirini na moja. Tunakuombea magoti yasiyouma, maharage yanayostawi katika shamba lako la Gasorwe, na usingizi wa mchana ambao hapa hukuujua. Nenda ukapumzike. Hasira yako tuachie sisi. Bado tuna kazi nayo.