Uboho wa Salmin

Kijiwe chetu cha Kisumu Ndogo kiko ubavuni mwa kibanda cha Betri, fundi simu, na kazi yake kubwa ni kuamua mambo ya watu wengine. Jana tulimkuta Salmin ameinamia kahawa yake, hainywi. Kesho yake asubuhi alitakiwa hospitali akatolewe uboho wa mfupa apandikizwe Raiya, binamu yake na mchumba wake, ambaye mwili wake umeacha kutengeneza damu.

SALMIN: Daktari asema ndani ya uboho mna seli shina. Seli jirani huzipelekea ishara. Nyengine zaambiwa, “Kaa, jizidishe.” Nyengine, “Nenda kawe damu.”

BETRI: Hiyo ni netiwaki! Lakini laini yasoma jina lako, kaka. Ukimpa Raiya, simu zako zitalia kwake.

KADHI (sheria hakusoma, ila hukumu azipenda): Simu si tatizo. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Sembuse waliochangia kiwanda kizima cha damu! Salmin, utaoa dadako!

JEMBE (mkulima wa Marafa): Ndiyo maana wazee walisema, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

BETRI: Nani kagombana?

JEMBE: Bado. Lakini mimi nimepandikiza michungwa juu ya shina la mdimu. Kijiti cha mchungwa huzaa machungwa tu. Raiya ataota ndevu.

BETRI: Na kukoroma.

KADHI: Na watoto? Baba atakuwa baba na mjomba! Mirathi nitaigawa vipi?

JEMBE: Haba na haba hujaza kibaba.

SALMIN: Basi nisiende?

KADHI: Haraka haraka haina baraka. Tukae tena Ijumaa.

Nami niliitikia kwa kichwa. Naona haya hata sasa. Mara akatokea Bi Tima, mamake Raiya, atoka wodini na kikapu cha vyombo.

— Shikamoo, Bi Tima.

— Marahaba, wanangu.

Kadhi hakungoja aulizwe. Alimmwagia yote, tangu ziwa hadi mirathi. Bi Tima alisikiliza mpaka mwisho.

— Mmemaliza?

— Bado kidogo tu, mama.

— Basi nna suali moja. Salmin asipotoa huo uboho, mtamuoza nani?

Kadhi aliivuta kahawa ya Salmin, akainywa. Betri alijitia kutafuta bisibisi. Jembe alitafuta methali, akakosa.

Salmin alisimama, akampokea mkwewe kikapu, wakaondoka pamoja.