Siku Niliyokalishwa Upande wa Wanawake

Mwangaluka, ndugu zangu. Amani iwe kwenu mliokaa kwenye mabenchi na kwenu mliobanana mlangoni. Katekista aliponiomba nisimame leo, nilimwambia mambo yangu si ya kusemwa mbele ya akina mama. Akanijibu kwamba akina mama ndio wanaoyajua zaidi. Basi nikaenda kumwuliza mke wangu. Yupo pale karibu na nguzo, msimgeukie. Akasema, "Sema tu, Baba Kabula. Wenzetu waliyasema bila kutuomba ruhusa."

Kwa hiyo nasema. Majina ya watu sitataja.

Mimi ni mtu wa Samuye, kifungua mimba wa mfugaji. Nilioa binti wa Didia, tukapata mtoto wa kike, Kabula, na miaka ile baada ya vita kuu ya pili nikaenda Geita kuchimba dhahabu kwenye mgodi wa Wazungu. Sikufukuzwa na njaa. Nilikuwa na nguvu na nilipenda watu wazione. Kule shimoni nilishika mashine ya kutoboa mwamba, na aliyewahi kuishika anajua inavyomtikisa mtu mpaka kwenye meno. Kambini waliniita Dume, nami nikiitwa naitika.

Halafu matubwitubwi yakaingia kambini. Mnayajua, ule ugonjwa wa watoto wa kuvimba mashavu. Mtoto akiupata mama yake anampaka masizi, na baada ya muda anacheza na wenzake. Sisi wanaume wazima, tuliolala tumebanana chumba kimoja, tulivimba nyuso tukachekana. Kwa wenzangu wengi yaliishia shavuni. Kwangu yalishuka. Niwieni radhi, akina mama, korodani zangu zilivimba hata nikawa siwezi kufunga miguu. Homa ikanitetemesha kitanda kizima. Dresa, yule mhudumu wa zahanati ya kambi, alinifunika shuka, akasema, "Itapungua yenyewe."

Alisema kweli. Uvimbe ulipungua, na zenyewe zikaendelea kupungua, mpaka zikabaki kama punje za maharage.

Mwanzoni nilidhani yamekwisha. Nikarudi shimoni. Lakini mashine niliyokuwa nikiichezea ikaanza kunishinda kabla jua halijapanda. Kidevuni ndevu zikawa chache, kisha zikakoma kuota. Nikawa natokwa jasho la ghafla nikiwa nimekaa kivulini, kama mama mtu mzima. Kifua kikalegea na kuvimba kidogo, nikaanza kuvaa koti hata kwenye joto. Na machozi, ndugu zangu. Mtu akinisemesha kwa ukali, machozi yanakuja. Nilipokwenda nyumbani likizo nililala na mke wangu kama dada yangu, nikarudi Geita vilevile.

Nyapara alinitazama nikihema na mashine mkononi, akasema, "Dume, mpe mwenzako. Wewe chukua ufagio."

Kuanzia hapo kambi nzima ikajua. Nikipita, mmoja anawika kama jogoo, na mwingine anamwambia, "Acha, huyu ni tetea." Siku moja nilikuwa naoga. Wakavuta shuka langu wakalitupa juu ya paa, kisha wakasimama kunitazama, watu wazima, wengine wana wajukuu. Alikuwapo mmoja ambaye mwaka uliotangulia nilimfukua kwa mikono yangu mwamba ulipomwangukia. Huyo ndiye aliyesogea karibu kuliko wote. Akainama, akaangalia kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, akasema, "Kumbe ni kweli. Basi kule Samuye kuna akina Mama Kabula wawili."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilisimama na maji mwilini mpaka walipochoka.

Haukupita muda mrefu nikaachishwa kazi, nikarudi nyumbani. Nilidhani nyumbani watu ni wangu.

Mama yangu alinipeleka kwa mfumu, mganga wa kwetu. Huyo alinichanja chale kiunoni, akasugua majivu, akaninywesha mizizi michungu mpaka nikatapika nyongo. Haikusaidia. Wa pili alitupa vijiti vyake chini, akavitazama, akasema, "Aliyekufunga unalala naye." Mama akageuka akamwangalia mke wangu. Kuanzia siku hiyo mke wangu alikatazwa kunipikia. Wakamnywesha dawa ya kumtapisha uchawi, naye akatapika uji, maana ndicho alichokuwa amekula, na mfumu akasema uchawi wenyewe ni mwerevu, umejificha.

Mimi nikaenda Shinyanga mjini. Pale Ngokolo kulikuwa na mtu wa biashara aliyesifika kwa dawa za wanaume. Alikuwa na maneno matamu. "Kaka, ukilamba huu unga, utavunja kitanda. Hata mkeo atakimbilia kwao." Ulikuwa unga wa kahawia unaochoma ulimi. Alisema nilambe kidogo. Nikawaza kwamba mtu mwenye shida yangu kidogo haimtoshi, nikalamba mwingi. Jioni ile tumbo likashika moto, na nilipokwenda kukojoa ilitoka damu. Nikamrudia. Akasema damu ni uchafu unatoka, niongeze. Nikaongeza.

Msinicheke. Na mkitaka, chekeni, nimezoea.

Nilirudi Samuye natembea nimejikunja, nikamkuta baba ameita kikao cha ukoo. Ilikuwa mchana, nje ya zizi. Wanaume walikuwa kwenye vigoda, wanawake chini upande wa pili. Nikaenda kukaa kwenye kigoda changu, mimi mwanawe wa kwanza. Baba akakizuia kwa fimbo. Akaninyooshea fimbo hiyohiyo upande wa wanawake.

"Kaa kule."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Nikaenda. Shemeji zangu wakasogea kunipisha, wengine wanaziba midomo kwa khanga. Nikakaa chini karibu na mke wangu.

Baba akamwuliza mke wangu mbele ya wote, "Huyu mwanangu anakujia usiku, au haji?"

Mke wangu akajibu, "Baba, shikamoo. Mume wangu ni mgonjwa."

"Mgonjwa hulala kitandani. Huyu anakula ugali. Nakuuliza, anakuja, haji?"

Mke wangu akanyamaza. Baba akasema kunyamaza ni jibu. Akatoa uamuzi: mdogo wangu ataingia nyumbani kwangu, watoto watakaozaliwa wataitwa wangu, na mji hautapotea. Mdogo wangu alikuwa amekaa pale, amepaka mafuta usoni. Hakuonekana kushangaa.

Nikainuka. "Baba," nikasema, "mimi sijafa."

Baba alinitazama bila hasira. Ndugu zangu, bora angekuwa na hasira. Akasema, "Ungekufa ingekuwa rahisi. Tungelia tukamaliza."

Hakuna aliyemkemea. Mama yangu alikuwapo.

Nikiwa bado nimesimama pale sijui pa kupeleka uso wangu, mke wangu akainuka naye. Akampandisha Kabula mgongoni, akafunga khanga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeaga kwenda kisimani, "Baba, mimi na mtoto tunakwenda kwa shangazi yangu, Ushirombo. Na mume wangu tunakwenda naye."

"Anakwenda kufanya nini huko?" baba akauliza. "Kukubebea mtungi?"

"Atabeba mtungi," mke wangu akasema.

Watu wakacheka tena, lakini yeye alishaanza kutembea. Nami nikamfuata. Huko nyuma mdogo wangu akapiga mluzi, ule tunaowapigia ng'ombe wakitoka zizini.

Tulidandia lori la mfanyabiashara mpaka Kahama, kutoka hapo tukaenda kwa miguu. Nilikuwa nasimama kila mara kukojoa, na kila mara ni damu. Shangazi alitupokea mlangoni. Wengi wenu mlimfahamu, mwili wake tumeuzika makaburi ya hapa misheni. Mke wangu alimweleza kwa kunong'ona, na mimi nikawa nangoja na huyu naye aite mfumu. Badala yake akachukua fimbo yake ya kutembelea.

"Nifuate, mkwe."

"Wapi, shangazi?"

"Kwetu sisi mtu akikojoa damu anapelekwa hospitali. Hakaliwi kikao."

Pale hospitali ya misheni daktari alinilaza, akanipa dawa mpaka damu ikakatika. Ule unga, aliniambia, ungeniua, na waliokufa kwa unga wa namna ile wapo. Kisha akanipima mwili mzima, na sista akawa anatufasiria. Akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, si wafumu, si yule wa Ngokolo, si baba yangu.

"Uliwahi kuvimba mashavu ukiwa mtu mzima?"

Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa polepole.

Hakunibembeleza. Alisema korodani zangu zimekufa. Mtoto hutapata tena, akasema, usipoteze nguvu zako kutafuta atakayekudanganya. Mke wako hakukuloga, wala mtu mwingine hakukuloga. Nikamwuliza, "Je, nikila vizuri? Karanga, maziwa, supu ya makongoro?" Akasema nile, na pombe niiache, na nilale vya kutosha. Akasema wapo wanaume waliolegea kwa sababu ya ulevi, njaa au kazi ya kupita kiasi, na hao mara nyingi hurudi kwa chakula na mapumziko. "Lakini kwako," akasema, "moto wenyewe umezimika. Hakuna chakula cha kuuwasha."

Nikalia mbele ya sista. Daktari akaningoja nimalize. Ndipo akaniambia kwamba mle ndani mwili hutengeneza kitu kinachomwotesha mvulana ndevu, kumpa misuli, na kumpa hamu ya mke. Changu hakitoki tena. Lakini huko ng'ambo wataalamu wamejifunza kukitengeneza, wanakitia kwenye mafuta ndani ya vichupa, mtu anachomwa sindano. Hakiponyi, akasema. Siku utakapoacha kuchomwa, yote yatakurudia.

Dawa ilichelewa sana kufika. Nilingoja nikibeba mtungi, kama alivyosema mke wangu, na watoto wa kisimani walikuwa na nyimbo zao juu yangu. Ilipofika, nilichomwa kwenye tako, mafuta mazito yanayoingia taratibu, yanauma kama nimekanyagwa na ukwato. Nikachechemea. Sindano ya kwanza sikuona kitu, wala iliyofuata. Halafu siku moja jirani aliingiza mbuzi wake kwenye mihogo yetu, nikakasirika. Nikasimama katikati ya shamba nikashangaa. Nilikuwa nimesahau kukasirika kukoje.

Baadaye zikaja ndevu. Jasho likakoma, jembe likawa jepesi. Na mambo ya ndani ya nyumba nayo yakarudi. Hapo naishia, na nimeshasema msimgeukie.

Habari zikafika Samuye. Baba akatuma mtu niende. Mke wangu alisema, "Nenda, ni baba yako." Nikaenda. Mzee alitoka nje, akanishika kidevu, akazivuta ndevu kuona kama zimebandikwa. Akacheka kwa furaha, akachinja mbuzi, akaita majirani, akanikalisha kwenye kigoda kando yake. Tukaanza kula. Akaniuliza, "Sasa mtoto wa kiume anakuja lini?"

Ningeweza kusema Mungu akipenda, na tungemaliza nyama. Nikamwambia, "Baba, hatakuja. Daktari alisema sitazaa tena. Ninaye Kabula."

"Kabula ni wa kuolewa," akasema. Akanawa mikono. Akamwambia mama yangu achukue sufuria aipeleke nyumbani kwa mdogo wangu, kwenye watoto. Nyama yote, na niliyokuwa nimeishika mkononi nikairudisha. Majirani wakainuka mmoja mmoja. Baba hakunisemesha tena mpaka anakufa.

Ndugu zangu, nawaambia, siku ile njiani nikirudi sikulia. Nilipima moyo wangu nikakuta hakuna kitu ninachotaka kutoka kwa yule mzee. Ndiyo siku niliyojua nimepona, kuliko siku ya ndevu.

Namshukuru Mungu, nami nikabatizwa hapahapa. Namshukuru daktari na masista. Namshukuru shangazi, apumzike kwa amani. Mke wangu nimeshamshukuru nyumbani, ila kwa kuwa alisemwa hadharani, namshukuru hadharani: mama, hukuniacha chini.

Nanyi wanaume wenzangu. Mkilegea, msilambe vitu vya barabarani. Msiwape wake zenu kesi ya uchawi. Nendeni mkapimwe, huenda yenu ni madogo kuliko yangu. Na mkiambiwa jambo gumu hospitalini, lipokeeni hivyohivyo lilivyo. Mimi bado naugua. Ipo miezi dawa haifiki, nachoka, uso unabadilika, na nyote mnaona. Nangoja. Ikifika nachomwa.

Jumatano asubuhi nakwenda kuchomwa sindano. Nitapita njia ya juu, ile ya mashamba ya mihogo, watu ni wachache. Kama humu ndani yupo mwenye shida, anikute njiani. Asinieleze kitu, nami sitamwuliza. Tutatembea tu mpaka tufike.