Mama Mizani na Koki Mbili

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni viti, na mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyekuwa akipima ng'ombe. Narudia: akipima ng'ombe. Kazi yake ilikuwa kujua kama ng'ombe ameongezeka nyama kweli, au amejaza tumbo tu. Kazini walimwita Mama Mizani. Nyumbani mumewe, fundi viatu, alimwita Bosi.

"Ndiye bosi pekee niliyewahi kumpenda," anasema fundi. "Wale wengine, naomba nisiwaseme redioni."

Atawasema, wasikilizaji. Mpeni muda.

Mama Mizani alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa mifugo. Mabanda marefu, sakafu ya saruji, na harufu ya majani makavu iliyomfuata mpaka chumbani. Mwaka ule kiwanda kimoja kilileta unga mpya. Wenyewe walisema ng'ombe wa nyama anayelishwa majani, akichanganyiwa unga ule, atanenepa upesi. Kituo kikaambiwa kiujaribu.

Basi maksai wakagawanywa makundi mawili. Umri mmoja, majani yale yale, pumba ile ile. Wenye hereni nyekundu masikioni walitiliwa unga kwenye pumba. Wenye hereni za manjano walikula pumba bila unga. Mama Mizani aliwalisha wote. Wa nyekundu akawabatiza Walioalikwa. Wa manjano akawaita Wasioalikwa.

"Haya, msininunie," alikuwa akiwaambia hawa wa manjano akiwamwagia pumba horini. "Hata harusini wapo wanaoshiba bila kadi."

Sheria ya kupima ilikuwa moja, na aliyemfundisha ni mtafiti wa pale, binti wa miwani. Jioni, kabla ya siku ya mzani, koki za maji zinafungwa. Mabanda yote mawili. Asubuhi ng'ombe anapanda mzani hajanywa kitu. Kwa nini? Kwa sababu ng'ombe mwenye kiu anakunywa ndoo kwa ndoo, na mzani haujui kutenganisha maji na nyama. Shikeni hapo, wasikilizaji: anapimwa kabla ya kunywa.

Sasa, fundi viatu ana mdogo wake. Huyu alikuwa na maksai wachache na mtamba mmoja tu, jike ambaye hajazaa bado. Habari za unga zikamfikia, akapagawa. Akatafuta na mnunuzi wa mtamba, ili apate pesa ya unga. Jioni moja akaja kukaa kwenye benchi la kaka yake, katikati ya soli na gundi.

"Shemeji, mimi nimeshaamua. Nauza."

"Umeamua kabla ya mzani?" akauliza Mama Mizani.

"Si wameshatangaza?"

"Wametangaza wanaouza. Wewe ngoja siku ya wafugaji, tutapima mbele ya watu wote. Ukiona Walioalikwa wamewaacha wenzao mbali, uza. Kamba nitakushikia mimi mwenyewe."

Alikuwa ametoa neno lake. Mtamba wa shemeji sasa alimtegemea yeye na mzani wake.

Siku ya wafugaji ikafika. Viti vya plastiki vimepangwa, wenye kiwanda wamevaa kofia mpya, wafugaji wamejaa kwenye uzio. Shemeji naye yupo, kamba begani. Mkuu wa kituo akaja bandani kwa haraka, tai imemkaba.

"Mama, hawa wa nyekundu wafungulie maji. Wageni wasije wakaona ng'ombe wana kiu."

"Hatujapima, mkuu."

"Fungua."

Mama Mizani akamtazama binti wa miwani. Binti akatazama viatu vyake. Tusimlaumu sana. Mkate wake ulikuwa mkononi mwa mtu yule yule.

"Na hawa wa manjano, mkuu?"

"Nani amekuuliza hao?"

"Wao wenyewe. Hebu waone wanavyonitazama."

Akafungua koki ya kwanza. Maksai wa nyekundu wakazamisha midomo. Kisha, polepole, na mabuti yake ya mpira yaliyozibwa na mumewe, akazunguka birika la pili. Akafungua koki ya pili.

Mkuu akafoka, "Nimesema nyekundu!"

"Nyekundu wanakunywa, mkuu," akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye uzio. "Na manjano wanakunywa. Sasa ukipenda tuwapime na maji yao, tuwapime wote na maji yao."

Wafugaji walikuwa wamegeuka kutazama. Mkuu akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Wakapimwa. Unga haukuwa uongo mtupu, tuseme haki. Walioalikwa waliwazidi wenzao kidogo. Kidogo mno, cha kumfaa mwenye mali nyingi, si mtu wa mtamba mmoja. Shemeji akauliza juu ya uzio, "Nisiuze?"

"Nenda kamkatie majani."

Wiki iliyofuata Mama Mizani aliondolewa mzanini. Hakupewa sababu. Akapelekwa getini, kufungulia magari. Aliomba kibanda, hata bati moja la kujikinga. Akaahidiwa. Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena. Alilalamika? Fundi anasema hapana. Alirudi ameloa, akimuigiza mkuu anavyopiga honi, nyumba nzima inacheka.

Kisha kikaja kikohozi. Daktari aliandika nimonia. "Mimi sikusoma," anasema fundi, "lakini najua kuandika neno moja. Ningeandika geti. Watu wazima na vyeti vyao ukutani, wakashindwa bati moja!"

Nilisema atawasema.

Siku ya maziko mkuu alikuja. Akasimama, akamsifu marehemu kuwa mtumishi mtiifu. Fundi akauma meno. Baadaye chai ikazunguka, nzito, ya maziwa. Maziwa ya mtamba yule yule, ambaye leo ni mama wa ndama wawili. Mkuu akamaliza kikombe, akatazama birika la chai kwa aibu. Shemeji akamgeukia kaka yake: nimpe, nisimpe?

Fundi akasogeza kikombe cha mkuu karibu na birika.

"Mtilie," akasema. "Bosi wangu hakufungua upande mmoja."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki cha redio nampa pole fundi viatu, shemeji, na wote waliolelewa na mikono ile. Mungu amlaze pema. Nanyi mnaoshika koki za wenzenu, maofisini, mahospitalini, hata majumbani, usiku huu jiulizeni mmefungua ngapi. Na yule mkuu, kama anatusikiliza: getini amewekwa mama mwingine. Bati bado.