Waya wa Upande wa Kaskazini

Sogeeni, wanangu, na wewe Wade vua kofia, hapa si mnadani. Darla, niinulie mto kidogo. Haya, tulieni mnisikilize, maana pumzi niliyobaki nayo sitaki kuigombania na mtu.

Jana mlidhani nimelala. Nilikusikia, Wade, pale mlangoni, ukimwambia dada yako, "Mzee akishaondoka tu, malisho tunamkodisha yule jamaa wa kondoo, na uzio wa kaskazini unabaki vilevile." Hata haya huna! Mwili wangu bado una joto.

Sasa nitawaambia habari ya uzio ule, ambayo hata mama yenu alikufa bila kuisikia kinywani mwangu. Waya ule wa nyavu niliufunga mwenyewe, ukagusa ardhi, mwanakondoo asipenye. Nanyi mnawajua swala wetu: kwa mbio hakuna wa kuwafikia Wyoming nzima, lakini kuruka uzio hawataki, wao hupita chini kwa kutambaa. Mwaka ule wa theluji kubwa walishuka kutoka milimani kama kawaida yao, wakakuta hakuna pa kupita. Baba yenu mdogo Verlin akaja na koleo la kukatia waya.

"Orrin, fungua! Wanakufa wamesimama!"

Nikamwambia, "Rudi kwako. Ukiugusa uzio wangu nakupiga risasi."

Na bunduki nilikuwa nayo, nimemwelekezea ndugu yangu wa tumbo moja. Akaniangalia, akageuza farasi. Asubuhi niliwakuta wamelaliana kando ya waya, majike na madume, theluji imewajaa puani. Na kondoo, je? Kondoo wenyewe nilishawauza tangu Oktoba! Nilikuwa nalinda malisho matupu, kwa ukaidi tu.

Verlin hakunisemesha tena kwa miaka thelathini na mmoja, hadi tukamzika kule kilimani, ng'ambo ya uzio. Nami bado niliuacha, kwa sababu kuuondoa ni kukiri. Najichukia kwa hilo.

Basi shikeni haya. Nyumba ni ya Darla. Ng'ombe gawaneni bila kutoana macho. Malisho ni yenu wawili, na mwanasheria anayo karatasi: waya wa nyavu ung'olewe wote, usirudi kamwe. Uzio mpya waya wake wa chini uwe laini, usio na miiba, juu ya ardhi kimo cha goti, swala wapite. Usinune, Wade. Koleo la Verlin limo kwenye droo hiyo. Mjane wake aliniletea siku ya mazishi, akaniwekea mezani. Lichukue.

Nizikeni kando ya Verlin. Msizunguke getini. Jeneza lisubiri palepale walipofia swala, hata theluji ikianguka, mpaka Wade akate waya mwenyewe, na mkishapita msizibe.

Mungu awalinde... awape ulimi wa kusema "nimekosa" mkiwa bado na nguvu. Darla, maji... basi, acha. Wade, uko wapi? Nipe mkono. Siyo huo. Ule utakaokatia.