Mama Kadi na Neno Alilolirudisha Mara Tatu

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Mama Kadi atafunga droo za meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya kamusi. Karibu sote tulimkuta hapa. Wawili kati yetu hatukuwa hata tumezaliwa alipoajiriwa, na hajawahi kuchoka kutukumbusha.

Aliingia kama mpiga chapa, akiwa na miaka ishirini na tisa na binti mdogo wa kulea peke yake. Toleo la pili la kamusi yetu ya Kiingereza na Kiswahili alilipiga chapa lote, A mpaka Z, kwa taipureta ambayo herufi yake ya R ilikuwa inakwama. Baadaye akawa mtunza kadi, kisha mhariri msaidizi. Kwa msiojua kazi yetu, kila sentensi ya mfano inayoingia kwenye kamusi lazima iwe na kadi inayoeleza nani aliisema, wapi na lini. Mifano ya kutunga haina nafasi. Sheria hiyo aliikuta, ila yeye ndiye aliyeifanya iogopwe.

Maneno aliyaokota popote. Fundi bomba aliyekuja kuziba bomba la jikoni alikaa saa nzima akionyeshwa vifaa vyake kimoja kimoja na kuulizwa vinaitwaje, na bomba likaendelea kuvuja hadi kesho yake. Msibani aliwahi kumwomba mfiwa arudie maneno aliyoyasema akilia, ili ayaandike vizuri. Shangazi yake alimvuta pembeni akamuuliza kama akili zote zimo. Hadithi hiyo alitusimulia mwenyewe, bila aibu, na kadi alikuwa nayo.

Lakini anayetaka kumjua Mama Kadi aanze na neno moja tu. Miaka minne iliyopita tulikuwa tunamalizia toleo la tatu, na herufi F nilipewa mimi. Nilipofika kwenye ferocity nilinakili yaliyokuwamo tangu toleo la kwanza: ukali, basi. Mama Kadi akairudisha karatasi. Nikampelekea tena, akairudisha tena. Mara ya tatu alinijazia ukingo mzima kwa penseli. Upepo una ukali, aliandika, moto una ukali, mbwa wa jirani ana ukali, hata mwalimu, na mwalimu tunakuja kumshukuru baadaye. Lakini mtu anayemuumiza mwenzake huku anamwona anavyoumia, huo ni ukatili, na Waingereza hulitumia neno hilohilo kwa huyo pia. Basi msomaji aonyeshwe tofauti.

Mhariri Mkuu ni mtu mpole, ila safari hii alichoka. Alisema kwamba haraka haraka haina baraka ni methali nzuri, bahati mbaya kiwanda cha uchapaji hakiijui. Kama hakuna kadi yenye mfano wa binadamu kufikia Ijumaa, neno litabaki lilivyo.

Ijumaa asubuhi Mama Kadi alikaa mezani kwake muda mrefu bila kuandika. Kisha akaandika, akaenda kuiweka kadi mbele ya Mhariri Mkuu. Niliisoma nikichungulia nyuma ya bega la Mhariri Mkuu. Sentensi: “Daktari ameandika ukatili, karani amesoma ukali, nimerudishwa nyumbani.” Msemaji: mimi. Mahali: kaunta ya kituo cha polisi. Mwaka ulikuwa wa tatu kabla ya kuajiriwa kwake hapa.

Ndipo akatueleza. Mume aliyekuwa naye alimpiga, na daktari akaandika ripoti kwa Kiingereza, akitumia neno hilo. Karani wa kituo hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuelewa vizuri, akafungua kamusi mbele yake, na kamusi ilikuwa yetu. Alisoma ukali, akaifunga, akamwambia kwamba mume mkali wazee huzungumza naye, arudi tu wakayamalize. Alirudi. Wiki mbili baadaye mkono wake wa kushoto ulivunjwa mahali pawili. Haunyooki vizuri hadi leo, na sisi miaka yote tulidhani aliteleza bafuni. Na katika toleo la pili neno lile alilipiga chapa kwa vidole vyake mwenyewe, kwa sababu mpiga chapa hakuwa na kauli.

Mhariri Mkuu alivua miwani, akachukua kalamu, akakata nilichoandika. Niliona aibu, na sijaimaliza mpaka leo. Binti yake hakuwa anajua lolote kuhusu jambo hilo. Mama Kadi alimsimulia jioni ileile, na ni wote wawili walioniruhusu kuliandika hapa.

Mwezi uliopita simu ya ofisi ililia tukiwa kwenye chai. Alikuwa ofisa wa ustawi wa jamii mwenye ripoti ya daktari mezani. Alikuwa ameona kamusi yetu inatenganisha maneno mawili, akataka kuhakikisha. Mama Kadi akaomba asomewe sentensi nzima, akamwambia aandike ukatili. Kisha akauliza mwanamke mwenyewe yuko wapi. Akaambiwa amekaa palepale, mbele ya meza. Mama Kadi, ambaye katika ofisi hii hajawahi kumbembeleza mtu, akamsihi ofisa yule asimrudishe nyumbani. Jioni ofisa alipiga tena kusema kwamba hakurudishwa.

Mama Kadi, asante kwa maneno yote uliyotuokotea, na kwa hili moja uliloligharamia. Mimi binafsi naomba radhi kwa karatasi zile tatu. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu kiasi, na nyumba tulivu.