Mashine Iliyonyamaza

Kwa niaba ya familia, binti mkubwa wa marehemu anawasomea maisha ya baba yake, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Ngoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akiwa kitinda mimba wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1977 hadi 1983, kisha sekondari, na mwaka 1991 akahitimu chuo cha ufundi.

Januari 1994 aliajiriwa hospitalini, ambako baadaye alikabidhiwa kumbukumbu za wagonjwa, zilizowekwa kwenye mashine mbili, moja kuu, na ya pili ikinakili kila kilichoandikwa katika ile ya kwanza, ili kuu ikifa nyingine ishike usukani. Tarehe 9 Agosti 1997 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya watoto, wakajaliwa watoto watatu, ambao kabla ya kujua kufunga kamba za viatu walishajua kwamba mashine iliyonyamaza si lazima iwe imekufa.

Tarehe 6 Juni 2019 mashine kuu ilinyamaza, foleni ikafika barabarani, na mkurugenzi akaamuru ya pili ishike kazi papo hapo. Marehemu alisema, "Ngoja kidogo, bosi, niizime kwanza ile kuu, huenda ni waya tu na bado iko hai," akajibiwa, "Wewe kila siku ngoja, ngoja! Washa hiyo!" Akatii. Kumbe ulikuwa waya kweli, mashine kuu ilikuwa hai, na mafahali wawili hawakai zizi moja: madirisha mengine ya kupokelea wagonjwa yakaandika huku, mengine kule, wala mashine hazikunakiliana tena, hadi mgonjwa mmoja akachomwa sindano ambayo upande wa pili ilishaandikwa kuwa inamdhuru, akafa.

Lawama zote zilimwangukia marehemu, akafukuzwa kwa uzembe, na walioisikia amri ile wakajitia uziwi, nasi inatuuma hadi leo. Yeye mwenyewe hakujitetea sana, alisema mkono uliobonyeza ni wake, akaenda kwa mama wa yule mgonjwa kuomba radhi. Presha ikampanda, kiharusi kikamlaza Novemba 2021, akafariki tarehe 2 Septemba 2022, akiwa na miaka 53.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliompeleka hospitali kwa zamu, na wafanyakazi wenzake, ambao leo wamejaa kuliko tulivyowaona miaka mitatu yote. Mkurugenzi naye yupo, kiti cha mbele, ahsante kwa kufika. Familia ilimwomba aseme hapa jambo moja tu, kwamba marehemu alikataa na akaamriwa, akatujibu kwamba atalisema siku nyingine.

Pumzika kwa amani, baba, siku nyingine huna.