Keziah Pinnock, Mwanamke wa Lango la Nether Sallow

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ni Jumatano, saa kumi jioni, na anayezungumza nanyi ni yule yule Clement Yardley. Mniwie radhi kwa sauti hii ya puani. Sina mafua, na sababu yake mtaijua kabla hatujaachana.

Leo tunamkumbuka Keziah Pinnock, binti wa Job Tranter, mwanamke wa lango. Keziah alifariki Alhamisi iliyopita nyumbani kwake Nether Sallow, hatua nne kutoka ukingo wa mfereji. Alikuwa na miaka sabini na sita. Jana tulimzika, na najua wengi wenu mmeshasikia yaliyotokea mazishini, kila mmoja kwa namna yake. Nitayafikia. Kwanza nianzie mbali kidogo.

Keziah alizaliwa mwaka 1908 ndani ya mashua ya makaa ya mawe. Baba yake, Job, alishika usukani. Kaka yake, Enos, aliyemzidi miaka miwili, alimwongoza farasi wa kuvuta. Sisi wa nchi kavu tuliwaita watu wa mashua kwa majina ambayo siwezi kuyatamka hewani. Tuliwarushia mawe kutoka darajani. Nasema "tuli" kwa sababu siku moja jiwe lilimpasua Keziah juu ya jicho, akiwa na miaka tisa, na aliyelirusha jiwe hilo ni baba yangu mzazi.

"We mchafu wa majini!" baba yangu alimpigia kelele. "Nawa uso!"

Keziah aliruka kutoka kwenye mashua, akapanda daraja damu ikimchuruzika, akamkamata baba yangu masikio yote mawili, akakigonga kichwa chake kwenye matofali ya daraja mara tatu. "Na wewe nawa masikio," akamwambia. Kisha akakimbia kuiwahi mashua. Baba yangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliisimulia habari hiyo mpaka anakufa, na alikuwa akiisimulia kwa fahari.

Basi huyo ndiye Keziah. Hakuwa mpole. Atakayewaambia alikuwa mpole hakumjua.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa ninyi vijana mnaouona mfereji kuwa mahali pa kutembeza mbwa. Lango letu ni chumba cha mawe kati ya maji ya juu na maji ya chini. Ukitoka juu, unahitaji chumba kijae. Ukitoka chini, unahitaji kiwe kitupu. Vizibo vya maji vinainuliwa kwa hendeli, chuma kilichopinda, kizito, na kila mtu wa mashua huichomeka mkandani. Pande zote mbili, juu na chini ya lango, kuna nguzo nyeupe. Wa kwanza kuipita nguzo ya upande wake, lango ni lake. Ndiyo sheria. Ukimwaga maji yaliyokuwa yanamngoja mwenzako aliyekwisha kupita nguzo, umemwibia maji. Watu wametolewa meno kwa kosa hilo.

Juni 1926. Akina Tranter wanatoka juu, wameshapita nguzo. Chumba kimejaa, kinawangoja. Kutoka chini anakuja Reuben Skett, mtu mwenye haraka zake. Skett anakimbia mbele, anainua vizibo, anamwaga maji. Akina Tranter wanafika wanakuta chumba kitupu.

"Reuben, hivi huoni nguzo?" Enos akauliza.

"Naiona. Nimemwona na farasi wenu anavyotambaa. Nikiwangoja nyie nitazeeka."

"Rudisha maji."

"Njoo uyarudishe wewe, mtoto mzuri."

Enos alikuwa na miaka ishirini. Aliruka ukingoni na hendeli mkononi, na yeye ndiye aliyepiga kwanza. Narudia, maana haki ni haki: Enos alipiga kwanza. Alimpiga Skett begani. Skett akapiga mara moja tu, kwenye kipaji cha uso. Enos akaanguka ndani ya chumba, kina cha futi kumi na nne, akapotelea kwenye maji yaliyobaki chini.

Keziah ndiye aliyeteremka ngazi ya chuma. Alisimama kwenye maji mpaka kifuani, akakishikilia kichwa cha kaka yake mpaka baba yao aliposhusha kamba. "Kilikuwa kizito, Clem," aliniambia miaka mingi baadaye. "Na kilikuwa bado cha moto. Nikadhani cha moto maana yake yu hai." Hakuwa hai.

Watu kumi na wawili wa baraza la mahakama waliketi kanisani, mjini Cutlow, kuichunguza kesi hiyo. Walitumia dakika arobaini. Wakasema ni ajali, vijana walipigana, mmoja ameteleza. Skett akavaa kofia yake akatoka. Nina hasira mpaka leo nikiyasema haya, na wakati ule nilikuwa bado sijazaliwa.

Siku ya maziko, mbele ya kaburi, Job Tranter alimwekea binti yake hendeli ya Enos mkononi. "Hii ni ya kaka yako," akamwambia. "Siku Reuben Skett akiwa chini ya mkono wako, usimwachie. Sema."

"Nimesema, baba."

Mwaka uliofuata Keziah aliolewa na Alf Pinnock, mlinzi wa lango letu. Ndiyo, lango lile lile. Job miguu ilimwishia, mashua akaiuza, akahamia kwa binti yake. Akawa anakaa mchana kutwa juu ya boriti ya lango, anatazama maji. Skett naye alizipita njia nyingine, mifereji ya mbali, miaka mitano.

Kisha ukafika Machi 1931. Skett alipewa shehena ya makaa, akaamriwa kupita kwetu. Ilikuwa adhuhuri. Alf alikuwa Cutlow kung'olewa jino. Keziah alikuwa peke yake langoni, yeye na baba yake. Mashua ikatoka juu, imeshiba makaa. Ndani ya kijumba cha mashua alikuwamo mke wa Skett, Lavinia, na mtoto wao wa kike wa miezi minne.

Skett alipomwona aliyeshika hendeli, aliutazama mlango wa nyumba.

"Alf yuko wapi?"

"Kaenda kung'olewa jino. Ingia."

"Utaniteremsha wewe?"

"Nani mwingine unamwona hapa? Ingia, au geuza urudi ulikotoka."

Akaingia. Keziah akafunga lango la juu, akaenda chini, akainua vizibo, maji yakaanza kushuka. Hapo Job akaanza maneno yake kutoka kwenye boriti. "Muulize kama siku hizi nguzo anaziona! Muulize macho yamepona!"

Skett akageuka kumjibu, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha jiwe, maji yakijaa hukioni. Maji yakishuka na tezi, yaani nyuma ya mashua, ikiwa imekaa juu yake, tezi inabaki pale pale, omo, yaani mbele, inazama. Mtu wa usukani hatakiwi kulitoa jicho kizingitini hata kidogo. Skett alilitoa jicho, mashua ikarudi nyuma shubiri moja, usukani ukanasa.

Mashua ikaanza kuinama. Makaa yakaporomokea mbele kwa kishindo. Ndani, jiko lilipinduka, na Lavinia akapiga ukelele ambao baadhi ya wazee wa Nether Sallow wanasema waliusikia wakiwa mashambani. Kisha akalia mtoto.

Dawa ya jambo hilo ni moja. Unaviangusha vizibo vya chini, unakimbia juu, unajaza chumba. Keziah aliijua dawa hiyo kuliko alivyolijua jina lake. Lakini Job alikuwa ameshafika. Miguu yake mibovu ilimfikisha. Akamshika binti yake mkono.

"Ulisema kaburini," Job akamwambia. "Acha maji yafanye kazi. Wewe hujagusa kitu." Na Job Tranter akacheka.

Keziah aliinua hendeli ya Enos akampiga baba yake kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulivunjika, ukasikika. Akaviangusha vizibo, akakimbia juu, akainua vya juu, maji yakaingia yakinguruma. Mashua ikajivuta, ikatetemeka, ikakaa sawa, nusu yake maji. Lavinia akatoka na mtoto kifuani, nywele zimeungua upande mmoja.

Skett alipanda ukingoni. Alivua kofia. "Asante, Keziah," akasema. "Mungu akubariki."

"Asante yako kampe Enos," Keziah akamjibu, akamvunja taya mahali pawili.

Polisi alikuja kwa baiskeli kutoka Cutlow. Akamkuta mzee mmoja mkono unaning'inia na mwanamume mmoja kinywa hakifungi. Akatoa daftari.

"Nimeteleza," Job akasema.

"Na huyu?"

"Kateleza," Lavinia akajibu kwa niaba ya mumewe, akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Wote wawili?"

"Leo kunateleza, afande."

Polisi aliangalia ukingo. Ulikuwa mkavu kabisa. Akafunga daftari, akapanda baiskeli yake.

Mnaweza kucheka, wasikilizaji wapendwa. Keziah mwenyewe alikuwa anacheka akifika hapo. Lakini Job aliishi miaka tisa mingine, ndani ya nyumba ile ile, kwenye meza ile ile, na hakumsemesha binti yake tena. Miaka tisa. Akitaka chumvi alimwomba Alf. Mkono ule haukuunga sawa, kwa hiyo Keziah ndiye aliyemkatia nyama kila siku, akamfunga vifungo vya shati, akamnyoa ndevu kila Jumamosi. Job alitazama ukuta. Alikufa mwaka 1940, na Keziah alikuwa amemshika mkono ule aliouvunja. Neno hakulipata.

Miaka mitano iliyopita nilikwenda kwake. Alikuwa ameketi jikoni, anamenya viazi. Nikamwambia watu wanamsifu kwa kuiokoa familia ile. Akakiweka kisu chini.

"Wananisifu kwa sababu hawajaniuliza nilisimama muda gani," akasema. "Nilihesabu, Clem. Baba amenishika mkono, nikahesabu mpaka kumi na moja. Mtoto nilikuwa namsikia, na bado nilihesabu. Kisha baba akacheka. Usije ukasema nilikuwa na huruma. Nilikisikia kicheko kile nikajua kesho kitakuwa changu."

Akaniomba nisiyaseme hayo mpaka afe. Nimetimiza, na leo nimeyasema.

Yule mtoto anaitwa Myrtle Skett. Baba yake alipofariki, mwaka 1958, Myrtle alikuja langoni akagonga mlango. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba tangu siku ile alikuja kila Jumapili kunywa chai, miaka ishirini na sita. Na Keziah aliacha karatasi yenye majina ya watu sita wa kulibeba jeneza lake. La sita lilikuwa la Myrtle.

Tumefika jana. Tumesimama nje ya geti la makaburi, jeneza liko mikononi, na mbele yetu anatokea Wilf Tranter, mtoto wa mdogo wake Job, mzee wa miaka sabini na mmoja.

"Hakuna Skett atakayembeba Tranter," akasema, akarusha ngumi. Ilikusudiwa Myrtle. Ilinipata mimi, puani. Hedley, mtoto wa mwisho wa marehemu, akamrusha Wilf kwenye ua wa miiba, Wilf akatoka tena, binamu zake wawili wakaingia, na kwa dakika tatu watu wazima wenye suti nyeusi walipigana mateke mbele ya mchungaji. Jeneza tulilitua kwenye majani. Damu yangu ilidondoka juu ya maua.

Myrtle hakupigana. Wala hakuachia kishikio cha jeneza. Walipochoka, akamwambia Wilf, "Baba yangu alimuua Enos. Najua. Alinieleza mwenyewe nikiwa na miaka saba, akilia, na taya lake lile. Wewe kwenu ulielezwa nini, Wilf?"

Wilf akaokota kofia yake, akaondoka. Tukalibeba jeneza watu sita, kama Keziah alivyotaka.

Wasikilizaji wapendwa, leo mkishazima redio, kaeni kidogo. Kila mmoja ajiulize ni nani aliyepewa amchukie, na nani alimpa, na kama naye anajiandaa kumrithisha mwingine chuki hiyo. Sina zaidi ya hilo. Mimi si mchungaji.

Kwa Leonard na Hedley Pinnock, poleni sana kwa kumpoteza mama. Myrtle, pole. Watu wa Nether Sallow na Cutlow, poleni nyote.

Na wewe Wilf, najua unanisikiliza, maana redio yako haizimwi. Pua yangu itapona. Nilikuwa nawaza usiku kucha, nikakumbuka kwamba ulikuwa na miaka kumi na mitatu Enos alipokufa. Alikuwa akikupandisha juu ya farasi. Walikujaza hasira, wakakutuma. Sidhani kama katika miaka hamsini na minane kuna mtu mzima hata mmoja aliyekaa karibu yako akakwambia neno lile ambalo mtoto aliyefiwa huambiwa.

Pole, Wilf. Pole kwa Enos.